Mfupa Wenye Uzi Mwekundu

"Nani njo Delphin hapa?"

Sauti ilitoka mlangoni, na watoto waliobanana kwenye benchi mbele ya televisheni wakageuka wote. Delphin, ambaye watoto humwita Ya, yaani kaka, naye akageuka, mdomo ungali wazi, maana alikuwa katikati ya kueleza kwa nini yule mzee mwenye duka ndani ya mchezo wa video anauza kizimba kitupu cha ndege. Alikuwa amefika penye utamu wenyewe. Katika nchi ile, alikuwa akiwaambia, mtu haruhusiwi kuingia kwa mfalme na hasira yake. Kwa hiyo unanunua kizimba, unaifungia hasira humo, unamwachia mlinzi, na ukitoka unaulizwa kama bado unaitaka.

"Ni miye, mama," alisema. "Karibu."

Walikuwa wanawake wawili. Mkubwa alikuwa Mama Angélique, ambaye mtaa mzima wa Saio unamjua kwa unga wake wa mihogo na kwa sauti yake ya kanisani, sauti ambayo hata waliobaki nyumbani wanaisikia na kujiona wenye hatia. Mdogo alikuwa Estelle, binti yake, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Na katikati yao, ameshikwa kiganja kama mwizi wa sokoni, alikuwa Bijou, mjukuu wa Mama Angélique. Bijou alikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na mtoto pale aliyemfikia kwa kucheza. Ila kwa siku kadhaa hakuonekana, na Delphin alikuwa amedhani ni mitihani.

Estelle hakusalimu. Alifungua kona ya kitenge chake, akatoa kitu, akakitupa juu ya kasha la soda lililokuwa meza ya Delphin. Ulikuwa mfupa mfupi wa mbuzi, umesuguliwa ukawa mweupe, na katikati umefungwa uzi mwekundu.

"Unajua hii kitu?"

Delphin hakuwahi kuuona mfupa ule, lakini aliujua.

"Tuliipata chini ya kirago ya huyu mutoto," Estelle alisema. "Mutoto yangu Osée iko na homa tangu siku ya Mungu. Hanyonye muzuri, analia usiku muzima. Na huyu analala na mufupa chini ya kichwa! Tunamuuliza, anajibu paka neno moja tu: ni kwa Ya Delphin. Bon. Kwa Ya Delphin njo hapa. Sema."

"Sema polepole, baba," Mama Angélique aliongeza, na sauti yake siku hiyo haikuwa ile ya kanisani. "Kesho asubui Estelle anataka tumupeleke ku chumba ya maombi. Miye nilisema tuulize kwanza. Mutoto ya mwana yangu Bruno haiwezi kutupwa bila kuulizwa."

Chumba cha maombi kilikuwa huko juu mlimani, cha mbao na bati jipya, na mtu yeyote aliyelea mtoto mtaani alijua kinavyofanya kazi. Mtoto anayesemwa kuwa mlozi anafungiwa humo bila chakula mpaka akiri. Na mtoto mwenye njaa atakiri. Atakiri kwamba alimla shangazi, atakiri kwamba huruka usiku juu ya bati la jirani, atakiri lolote ili apewe uji. Kisha anarudi nyumbani na jina hilo, na jina hilo halitoki kwa sabuni. Delphin alimtazama Bijou. Bijou alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Sasa, ili uelewe aliujuaje, inafaa umjue Delphin alivyo. Huko Fataki, kabla ya kukimbia vita, alikuwa mfasiri wa filamu. Katika kibanda cha video alisimama pembeni ya televisheni na fimbo yake, filamu ikisema Kichina au Kihindi, na yeye akisema Kiswahili kwa niaba ya kila mtu: askari, mchumba, hata farasi. Hakujua Kichina wala Kihindi. Alijua nyuso. Na alikuwa na sheria moja tu ya kazi, kwamba mfasiri hasemi sijui. Ukisema sijui mara moja, watu wanaanza kukumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

Alipofika Bunia alipata mashine ya michezo iliyochoka, betri, na paneli ya jua aliyoifunga juu ya paa kwa waya. Ndani ya mashine kulikuwa na mchezo mmoja uliokwama, usiotoka, wa shujaa mwenye nywele ndefu anayezunguka nchi ya majoka. Maandishi yake yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye majivu. Basi Delphin akafanya alichokijua. Alieleza. Na hakuna mahali palipomtaka maelezo kama lile duka la kijiji cha theluji, maana vitu vilivyouzwa pale havikuwa na akili. Kandambili moja. Kifuniko cha sufuria, sufuria hakuna. Chupa ya maji ya bluu. Jiwe. Kizimba. Mfupa wenye mstari mwekundu.

Watoto walikuwa na haki ya kuuliza, na waliuliza. Shujaa mwenye upanga mrefu kuliko yeye anataka kandambili moja ya nini? Delphin alijibu kila kitu, tena kwa raha, maana ndiyo sehemu ya siku aliyoipenda kuliko zote. Kuhusu mfupa alijibu hivi: uweke chini ya kichwa ukilala, na mtu aliyepotea atakuona ndotoni na kuikumbuka njia. Jibu hilo hakulitoa hewani tu. Siku moja shujaa alikuwa ameununua mfupa ule, akalala katika nyumba ya wageni, na asubuhi rafiki yake aliyepotea tangu mwanzo wa mchezo akawa amesimama mlangoni. Delphin mwenyewe alishtuka. Labda rafiki angerudi hata bila mfupa, nani ajuaye, lakini lilikuwa jambo zuri mno kuliacha lipite bila kuelezwa.

Na sasa alikumbuka kitu kingine. Siku ile, wenzake walipokwisha kutoka, Bijou alibaki. Aliuliza: lazima uwe mfupa wa mnyama gani? Na yeye, akihangaika na waya wa betri, alijibu bila kugeuka, "Yeyote." Hakukumbuka kwamba baba wa mtoto yule, Bruno, alikwenda kuchimba dhahabu na simu yake ikanyamaza. Hakukumbuka kwamba mama yake alikufa akimzaa.

Kulikuwa na njia rahisi, na Delphin aliiona, nisikufiche. Angeweza kusema: mimi ninachezesha watoto tu, mtoto akienda kwenu na mambo yake, hayo ni yenu. Wangeondoka. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Alilimeza, na likashuka kwa shida kama tonge la ugali mkavu.

"Mutoto hana kosa," alisema. "Njo miye nilisema ile maneno."

"Ulimufundisha bulozi?" Estelle alipiga hatua moja mbele.

"Hapana. Nilitunga." Alinyoosha kidole kwenye televisheni. "Ile mufupa iko mu muchezo. Banauzisha mu duka. Batoto baliniuliza ni ya nini, nikatunga."

"Onyesha."

"Nitaonyesha. Lakini ile kijiji iko mbali, na Bijou anajua njia kunipita." Alichukua maneti, kile kidude cha kubonyezea, akamnyooshea mtoto. "Bijou, twende tuonyeshe koko yako."

Bijou alimtazama bibi yake. Mama Angélique alimwachia kiganja. Watoto walisogea, benchi likapata nafasi, na wanawake wawili waliokuja na habari ya mfupa wakajikuta wamekaa mbele ya mchezo. Estelle alikaa ukingoni kabisa, mgongo wima, mtoto nyuma yake akipumua kwa kukoroma kidogo.

Shujaa akaanza safari. Alivuka msitu, akapita chini ya maporomoko, akaruka kutoka jiwe hadi jiwe juu ya mto wa moto. Vidole vya Bijou vilikwenda vyenyewe. Kisha shujaa akateleza, akaning'inia kwa mkono mmoja.

"Yesu!" Mama Angélique alishika kichwa. "Panda, mwana yangu, panda! Huyu mutu hana wazazi, banamuacha anatembea peke yake hivi?"

Mtoto mmoja alicheka puani. Hata Bijou mabega yalimshuka kidogo.

Walifika. Theluji ilikuwa ikianguka juu ya vibanda, na mzee mwenye duka alikuwa nyuma ya meza yake, ndevu mpaka kifuani, kama kawaida. Bijou alibonyeza, na vitu vikajipanga kwenye kioo. Mfupa ulikuwepo, wa mwisho kwenye mstari, na mstari wake mwekundu.

"Njo ule," Bijou alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie.

Estelle aliutazama mfupa wa kwenye kioo, kisha wa kwenye kasha. Ilifanana, hilo hakuweza kulikana. Lakini hasira iliyokesha usiku kucha na mtoto mgonjwa haishuki kirahisi.

"Na hii maandishi chini yake inasema nini?"

Hapo ndipo penyewe. Watoto wote walimtazama Delphin, wakingoja, kama walivyomngojea kila siku. Alikumbuka sheria yake ya Fataki.

"Sijue," alisema.

"Haujue?"

"Sijue kusoma hata moja. Hii chupa, sijue. Hii jiwe, sijue. Kila kitu nilielezaka hapa, nilitoa mu kichwa yangu. Kama unatafuta muongo, Mama Osée, ni miye. Haiko mutoto."

Alikuwa amelisema mbele ya watoto, na alijua maana yake. Kesho benchi lingekuwa tupu. Alisimama, mikono ikining'inia, akingoja.

"Ya Delphin," alisema Willy, mvulana mwenye meno ya mbele yaliyoachana, "siye tulijua."

"Mulijua nini?"

"Kama unatungaka. Ile chupa ya bleu, ku Pasaka ulisema ni machozi ya mama-mukwe ya mufalme, njo maana ni bei kali, sababu ule mama haliake. Nyuma ukasema ni jasho ya farasi."

"Na mulinyamaza?"

"Tulitaka kusikia ingine."

Mama Angélique alijifunika mdomo kwa kitenge. Alijitahidi, Mungu anajua, lakini machozi ya mama mkwe asiyelia yalimshinda, kwa kuwa naye alikuwa na wakwe, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Watoto wakapata ruhusa. Chumba kizima kikacheka, na Delphin, aliyekuwa amejiandaa kwa aibu, akaona kwamba aibu yenyewe haikuja.

Estelle peke yake hakucheka. Alikuwa bado anatazama kioo, uso umekunjamana, lakini sasa kwa namna nyingine, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona mtu fulani.

"Ile ni kandambili moja?" aliuliza.

"Moja," Delphin alisema. "Ya kuume."

"Na ile kifuniko?"

"Kifuniko paka yenyewe, sufuria hapana."

Estelle alimpapasa mtoto mgongoni, taratibu, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

"Huyu muzee ni mukimbizi," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Angalia vitu yake. Haiko duka, hii. Hizi ni vitu alikuwa nazo ku mikono wakati alifika. Siku tulikimbia Fataki, nilibeba sufuria. Miye nilijua nimebeba sufuria. Tulilala mu pori, asubui naangalia: ni kifuniko. Sufuria ilibakia ku moto na maharagi ndani." Alisema polepole, kama anayesoma yale maandishi ambayo Delphin hakuyaweza. "Na kandambili, moja ilitoka mu matope. Haurudie kuokota. Miye nilifika hapa Bunia na mugulu moja ya kiatu na kifuniko. Mama, unakumbuka?"

"Nakumbuka," Mama Angélique alisema.

"Basi njo huyu. Anauzisha yenye alibeba. Hana ingine."

Wote walimtazama yule mzee wa ndevu, na ajabu ni kwamba alikuwa mtu mwingine. Miaka yote hii Delphin alikuwa amemfanya mchawi mdogo, tajiri mbahili, mjomba wa mfalme. Hakuwahi kumfikiria kama mtu aliyechoka tu. Na yeye mwenyewe alitoka Fataki na fimbo ya kuonyeshea filamu mkononi, fimbo tupu. Alifika nayo mpaka Bunia akiishika kama pasi ya kusafiria, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Na kizimba?" Willy aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, na alimwuliza Estelle.

"Alikuwa anafuga njiwa. Alizifungulia."

"Na jiwe?"

"Ya mulango. Ya kuzuia mulango yake kusudi upepo isifungue. Mutu anabebaka hata ile, usione. Akili inakuwa haiko."

"Mufupa," alisema Bijou, "ni ya imbwa yake."

Estelle aligeuka kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu waingie, amtazame usoni.

"Imbwa ilibakia kule," Bijou aliendelea, macho kwenye kioo. "Anachunga mufupa yake. Imbwa ikisikia harufu itafika."

"Na yako?" Estelle aliuliza. "Ile yako ni ya nini, Bijou?"

"Ya papa, arudie."

Maneti ilikuwa imelala mapajani mwake na shujaa amesimama tu dukani, theluji ikimwangukia. Estelle aliinama mbele kama mtu aliyepigwa tumboni, akafunika uso kwa mikono. Bruno alikuwa kaka yake. Usiku naye alikuwa akimpigia ile simu isiyoita, kwa siri, ili mama yake asisikie. Alilia bila sauti, kisha kwa sauti, na hakuna mtoto aliyecheka wala kusogea. Mama Angélique hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka aishe, kwa kuwa kilio kile kilikuwa kimechelewa tayari.

Alipokwisha, Estelle alijifuta kwa kiganja. Aliinuka, akachukua mfupa juu ya kasha, akaupangusa vumbi kwa kitenge, akautia katika mfuko wa sare ya Bijou.

"Lakini uweke mu sanduku," alisema kwa ukali ambao haukumtisha mtu. "Haiko mu kirago. Utakuja kuumia shingo."

"Ndiyo, tantine," Bijou alimjibu shangazi yake.

"Na weye," alimgeukia Delphin, "tunga. Sikukataze. Lakini ukisema maneno ya bantu benye balipotea, uangalie kwanza nani iko anakusikia."

"Nitaangalia," Delphin alisema, na alimaanisha. Alitaka kusema zaidi, kwamba anashukuru. Mtu wa maneno yote yale, akabaki akitingisha kichwa kama mjusi.

Osée alianza kulia, kilio chembamba cha homa. Estelle alilegeza fundo kifuani, akamshusha mtoto mkononi, akamwekea shavu kwenye paji la uso.

"Moto," alisema.

"Moto ya palu, ya malaria," Mama Angélique alisema. "Nilikuambia tangu juzi. Mutoto iko na palu, weye unatafuta mulozi."

Tangu siku ulipopatikana ule mfupa, Estelle hakumruhusu Bijou hata kumgusa mtoto, hata kupita karibu na kitanda chake. Sasa alimgeukia Bijou, mtoto mikononi. Kisha akasema:

"Geuka."

Bijou hakuelewa.

"Geuka, inama. Mukono yangu imechoka."

Bijou aliinama. Alifanya mgongo wake mdogo kuwa tambarare, kama wasichana wote wanavyofunzwa mapema, na Estelle akamlaza Osée juu yake, Mama Angélique akamshikilia, na kitenge kikapita chini ya kwapa na kufungwa mbele, fundo la kwanza, fundo la pili. Mtoto alilalama kidogo, akatafuta, kisha akabandika shavu lake la moto kati ya mabega ya Bijou, akatulia.

Delphin aliwasindikiza mpaka nje. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kubishana kuhusu mji aliotoka mzee wa theluji, na kama huko walikuwa na ng'ombe. Barabara ilikuwa na vumbi na jua lilikuwa bado juu ya mabati. Wale watatu walikwenda taratibu mpaka kwenye njia panda, ambapo mkono mmoja unapanda mlima kwenye chumba cha maombi na mwingine unashuka kwenye kituo cha afya. Hapo walisimama. Estelle alisema kitu ambacho Delphin hakukisikia. Bijou aliruka kidogo kumpandisha mtoto mgongoni, kama wanavyofanya wanawake wazima, akatangulia kushuka.